Mwimbaji ametoweka kwenye Linux lakini ala zote zinasikika: tatizo liko wapi?

Sikio_Moja

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba msaada kwa tatizo ambalo limenisumbua kwa wiki nzima na ambalo sijui hata nilitafute kwa jina gani.

Nikicheza wimbo wowote kwenye kompyuta yangu ya mpakato kwa kutumia hedifoni, nasikia gitaa, kinanda na matoazi vizuri kabisa, lakini mwimbaji hayupo. Sisemi kwamba sauti yake ni ndogo, nasema hayupo. Kinachobaki ni kitu kama mwangwi wake, kana kwamba anaimba chumba cha pili na mlango umefungwa. Besi nayo imenyong'onyea, na ngoma kubwa inasikika kama mtu anayegonga boksi tupu. Kwenye filamu ni hivyo hivyo: nasikia mvua, magari na muziki wa nyuma, ila watu wanafungua midomo bila kutoa neno.

Spika za ndani ya kompyuta hazina tatizo lolote. Hedifoni hizi, ambazo zina maikrofoni na kitufe kwenye waya, nikizichomeka kwenye simu ya zamani niliyonunua pamoja nazo, mwimbaji anarudi. Kabla sijahamia Linux, kompyuta hii hii na hedifoni hizi hizi zilielewana bila shida, kwa hiyo sina shaka kwamba kosa ni la Linux yenyewe.

Nimekwisha kufungua alsamixer, programu ya kurekebisha viwango vya sauti, na kupandisha kila kilichopandika. Nimebadilisha pia seva ya sauti, yaani programu inayozipeleka sauti zote kwenye kadi ya sauti: nimeondoa PulseAudio nikaweka PipeWire, kisha nikafanya kinyume chake. Nimesakinisha mfumo mzima upya mara mbili. Hakuna kilichobadilika. Kuna jambo jingine dogo ambalo nadhani halihusiani: maikrofoni ya hedifoni hizo hairekodi chochote zaidi ya mvumo, lakini hilo nitaliulizia siku nyingine.

Haraka_Tu

Hizo ni kodeki, yaani programu ndogo za kusoma mafaili ya sauti na video. Sakinisha kodeki zote za muziki na filamu, washa kompyuta upya, tatizo litakwisha.

Mzee_wa_Taminali

Kwa heshima zote kwa aliyenitangulia, kodeki haiwezi kufanya hivi. Kodeki ikikosekana, faili halifunguki, au picha inacheza bila sauti yoyote. Haina uwezo wa kumchagua mwimbaji na kumtoa nje huku ikimwacha mpiga gitaa aendelee. Na wewe ndugu Sikio_Moja, tafadhali usisakinishe mfumo mara ya tatu.

Maelezo yako yana alama moja inayosema mengi, nayo ni kwamba mwimbaji ameondoka lakini mwangwi wake umebaki. Wimbo wa stirio unapochanganywa, mwimbaji mkuu, besi na ngoma kubwa kwa kawaida huwekwa katikati, yaani sauti zao huandikwa sawasawa katika chaneli ya kushoto na ya kulia. Gitaa na kinanda husogezwa pembeni, na mwangwi hutandazwa pande zote mbili bila kulingana. Sasa chukua chaneli ya kushoto uitoe ya kulia: kila kilicho sawa pande zote kinajifuta, na kila kinachotofautiana kinabaki. Watu hufanya hesabu hiyo kwa makusudi wanapotaka karaoke ya bei nafuu. Kwako imefanyika bila kuombwa, na tunachotafuta ni nani anayeifanya.

Washukiwa ni wawili tu, programu au waya. Upande wa programu, Audacious ina kichujio cha kuondoa sauti ya mwimbaji, VLC ina cha karaoke, na EasyEffects ina zana za stirio zinazoweza kugeuza chaneli moja kinyume. Mtu huwasha kimojawapo usiku akijaribu, halafu asubuhi hakumbuki. Hata hivyo, kwa kuwa kwako spika za ndani ni nzima na nyimbo na filamu zote zimeathirika kwa hedifoni pekee, mimi namshuku zaidi waya. Usinichukulie neno langu, tupime.

Kwanza, ukiwa umechomeka hedifoni na wimbo unacheza, andika hivi kwenye taminali:

`parecord -d @DEFAULT_MONITOR@ jaribio.wav`

Iache nusu dakika, kisha bonyeza Ctrl+C. Amri hii hurekodi kile ambacho seva ya sauti inakipeleka kwenye kadi, kabla hakijageuzwa kuwa umeme wa kwenye waya, nayo inafanya kazi iwe unatumia PulseAudio au PipeWire yenye huduma ya kuiga PulseAudio. Chomoa hedifoni, sikiliza faili hilo kwa spika za ndani. Mwimbaji akiwemo, basi kicheza muziki, vichujio vyote na seva ya sauti wamesafishwa na tuhuma.

Pili, rudisha hedifoni, kisha:

`speaker-test -c 2 -t wav -l 1`

Utasikia sauti ikitaja upande wa kushoto, halafu wa kulia. Katika hali ya kawaida kila tangazo huingia sikio lake tu. Tangazo la kushoto likisikika masikio yote mawili, tena kwa unyonge, andika hapa.

Tatu, tengeneza mlio ulio sawa kabisa pande zote mbili na uucheze:

`ffmpeg -f lavfi -i "sine=frequency=440:duration=5" -ac 2 katikati.wav`

`aplay katikati.wav`

Mlio huu hauna kitu cha pembeni hata kidogo. Kama kweli kuna anayetoa kushoto kwa kulia, utasikia kimya, au mnong'ono tu.

Sebule_ya_Filamu

Kabla hamjazama kwenye waya, naongeza sababu nyingine ambayo iliwahi kunipata, ili mwingine atakayesoma hapa asije akavunja hedifoni zake bure.

Filamu nyingi huja na sauti ya chaneli 5.1, yaani ya spika sita, na katika mpangilio huo mazungumzo karibu yote hukaa kwenye chaneli ya kati. Mimi nina kompyuta ya mezani yenye spika mbili tu, lakini kwenye mipangilio ya sauti profaili ilikuwa imewekwa kuwa ya 5.1. Kompyuta ikaniamini kwamba nina spika sita, ikawa inapeleka mazungumzo kwenye tundu la rangi ya chungwa, ambalo halikuwa na kitu. Spika zangu zimechomekwa kwenye tundu la kijani, kwa hiyo nilipata milio ya risasi na muziki, bila waigizaji.

Tofauti yangu na yako ni kwamba kwangu nyimbo za stirio zilikuwa nzima. Mwimbaji alikuwepo, na ni filamu peke yake zilizonyamaza. Kwa hiyo mtu akiona hali kama yangu, aorodheshe kadi zake kwa `pactl list cards`, kisha aweke profaili ya stirio kwa `pactl set-card-profile`, akifuatisha jina la kadi yake na `output:analog-stereo`, au achague tu stirio kwenye dirisha la mipangilio. Anayetumia kicheza filamu cha mpv anaweza pia kuongeza `--audio-channels=stereo` ili mazungumzo yachanganywe ndani ya chaneli mbili.

Sikio_Moja

Nashukuru kwa kunijibu kwa uvumilivu. Nilianza na profaili kwa sababu ni rahisi zaidi: tayari ilikuwa ni ya stirio, na kwa vile kwangu nyimbo zenyewe zimeathirika, naona hali ya Sebule_ya_Filamu si yangu.

Matokeo ya vipimo ni haya. Faili la jaribio.wav lina mwimbaji, yuko wazi kabisa, na nimekiri moyoni kwamba nimesingizia programu kwa wiki nzima. Katika kipimo cha pili, tangazo la kushoto lilisikika masikio yote mawili, na la kulia vilevile. Katika kipimo cha tatu nilidhani nimekosea amri, kwa sababu sikusikia kitu. Nilipochomoa hedifoni, mlio ulitoka kwenye spika za ndani kwa nguvu hadi nikashtuka.

Sasa nimebaki na fumbo. Kama ni waya wa hedifoni uliokatika, mbona kwenye simu ya zamani hedifoni ni nzima? Na kama ni tundu la kompyuta lililoharibika, mbona nimeazima hedifoni nyingine zisizo na maikrofoni na zimefanya kazi vizuri kwenye tundu hilo hilo?

Fundi_Lehemu

Fumbo lako lina jibu, na ile maikrofoni uliyosema haihusiani ndiyo inayolitoa.

Kwanza tuelewane kuhusu waya. Ndani ya hedifoni za kawaida, spika ya kushoto hupokea umeme kutoka kwenye ncha ya plagi, ya kulia hupokea kutoka kwenye pete inayofuata, na zote mbili hurudisha umeme kupitia waya mmoja wa pamoja ambao sisi mafundi huuita ethi. Ethi ikikosekana, umeme hutafuta njia iliyosalia, nayo ni kuingilia spika moja na kutokea kwenye nyingine. Spika zako mbili zinakuwa zimeungwa mkia kwa kichwa kati ya chaneli ya kushoto na ya kulia, na kinachozisukuma ni tofauti kati ya chaneli hizo peke yake. Mwimbaji anasukuma pande zote mbili kwa nguvu ileile na kwa wakati uleule, kwa hiyo katikati hakitembei kitu. Ndiyo maana pia tangazo la upande mmoja ulilisikia masikio yote mawili: halikuwa na njia nyingine ya kurudi isipokuwa kupitia sikio la pili. Ukitaka kuona jambo hili kwa hedifoni nzima, chukua hizo ulizoazima, cheza wimbo, kisha vuta plagi nje polepole, kidogo tu; mara nyingi kuna mahali ambapo ethi inaachia kabla ya nyingine, na mwimbaji anatoweka kama kwako.

Sasa tazama plagi yako na uhesabu pete nyeusi za plastiki. Pete mbili zina maana kwamba kuna sehemu tatu za chuma, na hizo ndizo hedifoni za kawaida. Pete tatu zina maana ya sehemu nne, kwa kuwa maikrofoni imeongezwa, na hapo ndipo watengenezaji walipogawanyika. Ncha ni kushoto na pete ya kwanza ni kulia kwa wote. Lakini katika mpangilio unaoitwa CTIA, sehemu ya tatu ni ethi na ya nne, iliyo karibu na waya, ni maikrofoni. Katika mpangilio wa zamani unaoitwa OMTP, hizo mbili zimebadilishana nafasi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kompyuta nyingi za sasa zinafuata CTIA. Ukichomeka hedifoni za OMTP humo, ethi ya hedifoni inagusa njia ya maikrofoni ya kompyuta, ambayo ina ukinzani mkubwa mno kuweza kurudisha umeme wa spika, na maikrofoni ya hedifoni inagusa ethi ya kompyuta, hivyo nayo hairekodi. Hapo umepata magonjwa yako yote mawili kwa chanzo kimoja. Hedifoni zako za zamani hazijaharibika. Zinazungumza lahaja nyingine. Zile ulizoazima zina sehemu tatu tu, na chuma cha tatu ni kirefu kiasi cha kugusa nafasi zote mbili, ndiyo maana hazikujali.

Kuna kipimo cha sekunde tano cha kuthibitisha. Cheza wimbo, punguza sauti kwanza, kisha bonyeza kitufe kilicho kwenye waya wa hedifoni na ukishikilie. Kazi ya kitufe hicho ni kuunganisha maikrofoni na ethi kwa muda. Kama hedifoni zako ni za OMTP, ethi yake itapata njia ya kufika kwenye ethi ya kompyuta, na mwimbaji atarudi kwa muda wote ambao kidole chako kipo pale. Nimesema upunguze sauti kwa sababu najua kwa wiki nzima umekuwa ukiipandisha ili umsikie, na atarudi pamoja na besi yote.

Sikio_Moja

Nimecheka peke yangu. Nikishikilia kitufe mwimbaji yupo, nikiachia ameondoka. Plagi ina pete tatu nyeusi.

Nimebakiwa na swali moja, nalo ndilo lililonifanya niilaumu Linux tangu mwanzo: kama ni suala la chuma na chuma, mbona mfumo niliokuwa nao kabla haukuwa na shida hii kwenye tundu hilo hilo?

Mzee_wa_Taminali

Swali hilo ni la haki, na jibu lake linakupa nusu ya ushindi.

Chipu nyingi za sauti za kompyuta za mpakato zinaweza kubadilisha zenyewe, kwa ndani, ni sehemu ipi ya tundu iwe ethi na ipi iwe maikrofoni. Ila chipu haifanyi hivyo mpaka kiendeshi, yaani programu inayoisimamia, kiiambie. Kiendeshi cha mfumo wako wa zamani kilikuwa kikiiambia. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, nayo ina msimbo wa kazi hiyo kwa chipu kadhaa za Realtek: inapima plagi, inaamua kama ni CTIA au OMTP, kisha inageuza njia. Tatizo ni kwamba msimbo huo huwashwa kwa kompyuta ambazo kerneli inazitambua kwa namba zake. Kompyuta isiyomo kwenye orodha inaachwa katika hali iliyowekwa na kiwanda. Kwa hiyo Linux haikuharibu kitu chako, lakini ni kweli kwamba haikukisaidia, na ulikuwa na sababu ya kulalamika.

Angalia chipu yako:

`cat /proc/asound/card*/codec* | grep Codec`

Kama ni Realtek ALC255, ALC256 au ndugu zake wa karibu, tengeneza faili `/etc/modprobe.d/hedifoni.conf` na uweke mstari huu mmoja:

`options snd-hda-intel model=dell-headset-multi`

Usibabaishwe na jina la kampuni lililomo. Ni jina la mpangilio tu, na hutumika pia kwa kompyuta za watengenezaji wengine zenye tundu la aina hiyo. Baada ya hapo washa kompyuta upya. Mstari ukikukosesha sauti kabisa, futa faili na uwashe tena, utarudi ulipokuwa. Kompyuta mpya zaidi hutumia viendeshi vya sauti vya SOF badala ya snd-hda-intel. Amri ya `lsmod | grep sof` itakuonyesha, na ukiviona, mstari huo hautafanya kazi, kwa sababu hivyo vina kigezo chake.

Fundi_Lehemu

Na kama kiendeshi kikikataa, kuna adapta fupi za kubadilisha OMTP kuwa CTIA, ambazo ndani yake ni nyaya mbili zilizopishanishwa na si kitu kingine. Hakikisha tu unachopata ni cha kupishanisha, kwa maana vipo virefushi vinavyofanana navyo kabisa kwa nje. Sikushauri kukata waya na kulehemu upya, ingawa ndiyo kazi yangu. Nyaya za hedifoni zimepakwa rangi inayozuia lehemu kushika, na atakayejaribu kwa mara ya kwanza ataunguza nyuzi kabla hajajua ipi ni ipi.

Sikio_Moja

Narudi kutoa taarifa. Chipu ni ALC255 na hakuna SOF. Niliweka mstari, nikawasha upya, nikachomeka hedifoni, na mwimbaji hakuwepo. Nilikaribia kukata tamaa, lakini safari hii lilijitokeza dirisha dogo ambalo sikuwahi kuliona, likiuliza nimechomeka nini: hedifoni, hedifoni zenye maikrofoni, au maikrofoni peke yake. Mara ya kwanza nilikuwa nimechagua hedifoni, kwa kuwa ndicho nilichotaka kutumia. Nilichomoa, nikachomeka tena, nikachagua zenye maikrofoni. Ulisikika mlio mdogo wa "tap", kimya cha muda usiofika sekunde mbili, halafu mwimbaji akaingia katikati ya ubeti.

Nimerudia vile vipimo vitatu. Tangazo la kushoto liko kushoto tu, la kulia liko kulia tu, na mlio wa katikati umekaa katikati ya kichwa. Maikrofoni nayo inarekodi.

Mzee_wa_Taminali

Ulichoeleza kinaendana na msimbo ulivyo: kiendeshi hupima aina ya plagi pale tu maikrofoni ya hedifoni inapochaguliwa kuwa ingizo. Ukichagua hedifoni tupu kinaona hakuna maikrofoni ya kutafutia nafasi, basi hakipimi. Asiyepata dirisha hilo kwenye mazingira yake ya eneo-kazi afungue programu ya `pavucontrol`, aende kwenye sehemu ya vifaa vya kuingizia sauti, na achague maikrofoni ya hedifoni kwa mkono. Matokeo ni yaleyale.

Haraka_Tu

Naondoa maneno yangu kuhusu kodeki. Nimehesabu pete za hedifoni zangu zilizokuwa kabatini tangu mwaka jana nikidhani zimekufa. Ni tatu. Naomba kuuliza, kigezo cha SOF mlichokitaja kinaandikwaje? Maana mimi `lsmod` imenionyesha mistari mingi tu.

Mzee_wa_Taminali

Faili ni lile lile, mstari ndio unaobadilika (kwenye kerneli mpya zaidi, andika `snd-sof-intel-hda-generic` badala ya `snd-sof-intel-hda-common`):

`options snd-sof-intel-hda-common hda_model=dell-headset-multi`

Anza na kipimo cha kitufe kwanza. Kama ukikishikilia mwimbaji harudi, hedifoni zako zina ugonjwa mwingine na mstari huu hautazifaa.